Wimbo wa Kwanza, Mara Tatu

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kukijaribu kitasa, na nikishakijaribu najiuliza kama kwa kukijaribu sijaufungua. Dada zangu wananicheka mpaka leo. Siku mama wa cherehani alipoingia kwangu na CD iliyoviringishwa ndani ya kitenge, mtu mwenye tabia kama yangu alipaswa kusema, mama, peleka kwingine. Lakini kwingine hakukuwako, na mimi kwa kiherehere changu nilikuwa nimeshautangazia mtaa mzima kwamba kompyuta yangu inasoma CD.

Ilikuwa Gisenyi, mji unaopakana na Goma, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimerudi na wazazi wangu kutoka ukimbizini Kigoma, tulikozaliwa sisi watoto wote, nikafungua chumba cha kuchapa barua na vyeti karibu na soko. Kompyuta moja, printa moja, meza, benchi la wateja, basi. Mama wa cherehani alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja, akishonea barazani. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, na mtu wa mzaha. Kiswahili changu cha Kigoma kilimfurahisha sana. "We unasema kama redio," aliniambia. "Ngoja kwanza, taarifa ya habari ikiisha nitakujibu."

Siku hiyo hakutania. Alikifungua kitenge juu ya meza yangu taratibu, akaiweka ile CD mbele yangu, halafu akaketi kwenye benchi.

Nilikuwa najua alikuwa na mtoto mmoja wa kiume na kwamba aliuawa vitani. Hilo kila mtu pale barazani alilijua na hakuna aliyelisema. Nisilolijua ni kwamba huyo kijana aliimba kwaya kule Nyundo, na kwamba kabla ya vita mtawa mmoja mgeni, masera kama wanavyoitwa pale, aliwarekodi kwenye kaseti akaondoka nayo kwenda Ubelgiji. Nyumba ya mama iliungua na picha zote zikaungua humo. Sasa, baada ya miaka, yule mtawa alisikia kwamba mama yu hai. Akaihamishia ile kaseti kwenye CD, akaituma kwa ndugu wa Goma pamoja na barua ya Kifaransa ambayo padri alimsomea mama. Kasha lilivunjika safarini. Wifi yake, aliyekuwa akivuka kila siku kuuza nyanya, akaivusha Grande Barrière, kituo kikuu cha mpaka, ndani ya kitenge hicho hicho, juu ya beseni.

"Ile kaseti yenyewe ilikatika," mama akaniambia kwa Kiswahili chake cha mpakani, kile ambacho ndiyo ni njo. "Masera aliandika, hii moja tu njo imebakia. Kwake hakuna ingine."

"Na wewe umeshaisikiliza?"

"Na nini? Mi sina mashini ya kusoma hii. Unitilie mu kaseti, binti. Nikuwe namusikia nikishona."

Tangu mwanawe afe, mama alikuwa hajaisikia sauti yake. Alilisema hilo kama anavyosema uzi mweusi umekwisha.

Kwanza nilifanya ninachokifanya kwa kila kitu cha mteja: nikaibandika karatasi. Nieleze. Mwaka wa kwanza wa kazi niliwahi kumkabidhi bwana harusi cheti cha ubatizo cha mtu mwingine, naye akaenda nacho mpaka mbele ya padri. Tangu siku ile hakuna kitu cha mteja kilichokaa mezani kwangu bila karatasi na gundi. Uso wa chini wa CD ndio unaong'aa, na ndio unaosomwa, hilo nililijua. Kwa hiyo nikapaka gundi uso wa juu, nikabandika kipande kikubwa kuliko stempu ya posta na kuandika kwa kalamu: "Ya mama wa cherehani. Isiguswe." Nikajisikia nimefanya jambo la busara.

Nikaitia kwenye kompyuta, nikabonyeza. Sauti za vijana zikatoka, na ngoma, halafu zikakwama. Zikarudi, zikakwama tena, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi. Nikaitoa haraka na kuigeuza mwangani. Ilikuwa imekwaruzwa mistari midogo midogo, kazi ya beseni na kitenge. Baba yangu alikuwa na santuri kule Kigoma, na kila mara alituonya kwamba sindano inazila. Nikaamini na CD ni vivyo hivyo, kwamba kila mzunguko unaipunguzia uhai. Nikaapa haitachezwa tena ovyo mpaka nijue njia.

Njia nilionyeshwa na bwana mmoja aliyekuwa akitunza kompyuta za hoteli kule ufukweni. Alikuwa amekulia Uganda, Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na alikuja kwangu kila printa ya hoteli ilipogoma. Nikamweleza. Akasema nisithubutu kutoa sauti moja kwa moja kutoka kwenye CD kwenda kwenye kaseti, kwa sababu kila kwikwi itaingia kwenye kaseti.

"Kwanza unachota wimbo kutoka CD unaweka ndani ya kompyuta," alisema. "Iko programu za hiyo kazi. Ukishaweka ndani, CD inapumzika. Kaseti utatoa hata mia."

"Programu gani?"

"Hapo sasa," akasema, na kucheka.

Kesho yake akaniletea diski iliyokuja na gazeti la kompyuta la Kifaransa, iliyosahauliwa na mgeni wa hoteli. Ndani yake zilikuwamo programu tatu za kuchota nyimbo. Moja ingenitosha. Ukimpa mtu kama mimi vitu vitatu achague kimoja, umempa ugonjwa.

Juma zima nilikuwa na hizo programu. Wateja walikuja kutaka barua zao, nikawachapia huku jicho moja liko kwenye kona ya skrini. Ili nizilinganishe kwa haki, zote tatu nilizipa kazi moja: wimbo wa kwanza. Ile ile dakika nne na kitu, CD ile ile, kiti kile kile. Nilijiona kama mwalimu anayesahihisha mtihani.

Ya kwanza ilikuwa ya Kifaransa na ilikuwa na haraka. Ulibonyeza tu, ukaenda kumwaga majani ya chai, ukirudi imemaliza. Nikavaa vifaa vya masikioni, nikasikiliza. Vijana waliimba vizuri, lakini kila baada ya muda kulikuwa na kitu kinachodonoa, tik, tik, kama mawe kwenye wali. Yule bwana wa hoteli akaeleza kwamba programu hiyo ikifika mahali palipokwaruzwa haisimami kuuliza. Inaruka na kuendelea na safari.

Ya pili ilikuwa na akili ya kubana. Iliuchukua wimbo na kuufinya uwe mdogo sana, jambo ambalo lilinivutia maana diski yangu ilikuwa imejaa vyeti vya watu mpaka juu. Lakini ilipoufinya, sauti zilitoka kama zinaimba ndani ya debe. Na ilikuwa ya majaribio. Ilipofika nusu ya wimbo ilikata ghafla na kuleta kibao cha kunitaka niinunue. Niliitukana kwa Kiha, lugha ya mama mzaa bibi yangu, ambayo siijui vizuri isipokuwa matusi.

Ya tatu ilikuwa ya Kiingereza na yenye sura mbaya, kijivu tupu, maandishi madogo. Bwana wa hoteli alinisomea maelezo yake kwa kidole. Hii, alisema, haiamini kitu. Kila kipande cha wimbo inakisoma, inakisoma tena, na kama mara mbili hazilingani inarudia mpaka zilingane. Nikaipenda hapo hapo, maana ndivyo ninavyofunga mlango. Lakini ilikuwa polepole, wacha tu. Niliiwasha watu wakinunua mikate ya asubuhi, adhana ya adhuhuri ikanikuta bado nimeikodolea macho. Siku ya kwanza umeme ulikatika ikiwa karibu kumaliza. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu sikuthubutu hata kuiwasha printa, nikihofia nitaushtua umeme, na wateja nikawaambia printa inaumwa.

Siku hiyo ya tatu ikamaliza. Nikasikiliza.

Hapakuwa na kwikwi, hapakuwa na tik. Kulikuwa na ngoma moja ya taratibu, halafu kijana mmoja akaanza peke yake, sauti nyembamba yenye nguvu, na katika ubeti wa pili akaipandisha mahali ambapo nilidhani itakatika, isikatike. Wenzake wakamwitikia kwa chini. Nikajikuta nalia mbele ya mteja aliyekuja kuandikiwa barua ya kuomba kazi. Akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni mafua.

Nikatoka barazani. Mama alikuwa amepinda shingo juu ya sare ya shule.

"Mama," nikasema, "ana sauti nzuri sana mwanao."

Mguu wake ukasimama kwenye pedeli. "Umemusikia?"

"Nimemsikia."

"Anaimba yeye peke yake?"

"Peke yake. Wengine wanaitikia."

"Njo yeye," akasema, akatabasamu akiitazama ile sare. "Njo yeye kabisa. Alikuwa anapenda kupandisha."

Nikamwambia aingie asikilize sasa hivi. Akakataa. Akasema atasikiliza siku kila kitu kiko tayari, kwenye kaseti, akiwa ameketi pake. "Nikimusikia nusu-nusu leo, hii nguo ya mutoto wa watu nitaishona mikono miguuni." Nikamwelewa. Nami nilikuwa nimeshachagua: ile ya Kiingereza, polepole au si polepole. Kesho naanza wimbo wa pili, kesho kutwa wa tatu, mtondo wa nne, na Jumapili mama ana kaseti yake. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama mtu aliyefaulu.

Kesho yake programu haikuweza hata robo ya wimbo wa pili. Kila CD ilipozunguka, kompyuta ilinguruma na meza ikatetemeka, hata kikombe changu cha kalamu kikasogea. Nambari za makosa zikapanda kwenye skrini. Nikazima, nikawasha. Nikazima tena. Kufika saa nne nilikuwa nimemtuma mpita njia mmoja hotelini kumwita yule bwana, naye alikuja bado na leso ya mezani mkononi.

Akaitoa CD, akaigeuza. "Madamu, hii karatasi ni ya nini?"

"Ni ya kuitambulisha. Isipotee."

"Gundi imekauka, karatasi imejikunja upande mmoja. Ndiyo inatikisa. Kitu kinazunguka mbio hivi, huwezi kukibebesha mzigo upande mmoja." Hakusema kwa ukali. "Toa tu."

Na mimi, mwenye kukijaribu kitasa mara mbili, hili sikulijaribu hata mara moja. Nilichovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu ya chupa ya chai, nikailowesha karatasi kama ninavyobandua picha za pasipoti, nikaingiza ukucha pembeni na kuvuta taratibu. Ikabanduka yote kwa mara moja. Nikafurahi jinsi ilivyobanduka vizuri.

Halafu nikaona kwamba upande wa chini wa karatasi unang'aa. Ile fedha ya CD, ule utando wa juu, ilikuwa imekuja nayo. Nikainua CD usawa wa macho na pale ilipokuwa karatasi palikuwa na dirisha. Nilimwona yule bwana upande wa pili, akinitazama.

"Si nyimbo ziko chini?" nikamwuliza.

"Chini ni plastiki tu. Zinasomwa kutokea chini, lakini zenyewe zimo kwenye hiyo fedha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua itabanduka. Na wewe, kwa nini uliibandika?"

Nilimfukuza. Nasema kweli, nilimwonyesha mlango mtu aliyeacha kazi yake kuja kunisaidia, na akaondoka na leso yake. Kisha nikaitia CD kwenye kompyuta. Ikazungukazunguka, ikatafuta, ikatafuta, ikaitema. Nikaitia tena. Sijui niliitia mara ngapi. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanitia haya kulieleza: nikachukua gundi, nikairudisha ile karatasi mahali pake, nikaikandamiza kwa kamusi, nikangoja ikauke, nikijiambia labda. Kompyuta ikaitema tena, safari hii ikiwa na alama ya gundi mdomoni.

Siku nne nilimficha mama wa cherehani. Ukuta mmoja, baraza moja, na kila asubuhi alinichungulia na swali lile lile. "Habari ya asubui, binti. Mutoto wangu amefika wapi?"

"Umeme, mama. Umeme unasumbua."

"Yewe. Umeme ya kwako njo inakatika peke yake? Redio ya kinyozi inaimba tangu alfajiri."

Nilicheka kicheko cha uongo nikainamisha kichwa kwenye karatasi. Nilimkaripia mzee mzima aliyekosea kutaja mwaka wake wa kuzaliwa. Nilifikiria kusema imeibiwa. Nilifikiria kusema ilifika hivyo hivyo kutoka Goma, na wazo hilo lilinikaa kichwani asubuhi nzima kabla sijalionea kinyaa. Kilichonishika nisiwehuke ni kitu kimoja: wimbo wa kwanza ninao. Nimepoteza nyimbo tatu za kwaya, nilijiambia, na ni kosa langu, na nitalibeba. Lakini ule anaoimba yeye peke yake uko ndani ya kompyuta, safi, bila doa. Nimeunusuru. Nilikuwa nimeunusuru mara tatu, kwa programu tatu. Nikaanza kupanga maneno. Kwanza nitamwambia lililo baya, halafu kabla hajashika kichwa nitabonyeza, na mwanawe ataimba. Kadiri nilivyoyapanga ndivyo yalivyozidi kuonekana si mabaya sana.

Siku ya tano, mchana, nilirudishia mlango nikamwita. Aliingia akiwa na futi yake ya kupimia shingoni. Alifurahi, alidhani siku imefika.

Nikamwambia. Sikuanza vizuri kama nilivyopanga, nilianzia kwenye cheti cha bwana harusi, na gundi, na meza kutetemeka, mpaka akanikatiza. "Sema tu, binti." Nikamwonyesha CD. Akaichukua, akapitisha kidole juu ya lile dirisha, akaona kidole chake upande wa pili.

"Zote?" akauliza.

"Tatu zimepotea, mama. Nisamehe. Lakini ule wake anaoimba peke yake upo. Huo upo, na ni mzima. Sikiliza."

Akashusha pumzi. Akaketi kwenye benchi, akajifunga vizuri kitenge, akaweka mikono yake mapajani kama mtu aliyeko kanisani. Nikafungua spika mbili ndogo nilizoziazima, nikabonyeza.

Ngoma ikapiga. Kijana akaanza. Mimi nilikuwa nimemkazia mama macho, nikingoja, maana nilitaka kuuona uso wake wakati ule. Nilidai haki hiyo baada ya siku zangu nne. Uso wake ulikuwa unasubiri. Ubeti wa kwanza ukaisha, bado unasubiri. Sauti ikapanda pale inapopanda, nikauona uso wake bado unasubiri, kama mtu aliyekuja kumpokea mgeni anayetazama kila anayeshuka. Wimbo ukaisha.

"Hii ni wimbo ya ngapi?" akaniuliza.

"Wa kwanza."

"Ah," akasema. Akakunja ile futi yake, akaikunjua. "Huyu hapana wangu."

Sikuelewa. Nilielewa, ila nilikataa.

"Huyu ni mutoto wa mama mumoja wa Nyundo, ule mwenye analima chini ya kanisa. Walikuwa wanaenda pamoja kwa mazoezi. Huyu njo alikuwa anaanzisha. Wangu aliimba ya tatu. Masera aliandika mu barua, padri akanisomea: ya tatu."

"Hukuniambia," nikasema. Hilo ndilo neno lililonitoka, Mungu anisamehe.

"Hukuniuliza," akajibu, taratibu, bila kunilaumu. "Nilizani utatoa zote."

Nilikuwa nimekaa na CD hiyo juma zima ikiwa nzima. Nilikuwa nimepima haraka na polepole, nyembamba na nene, nimesoma maelezo ya Kiingereza kwa kidole cha mtu mwingine. Hata ile programu ya tik, tik ingeweza kunitolea wimbo wa tatu ndani ya dakika mbili, na mama angekuwa na mwanawe, mwenye mawe lakini mwanawe. Kila nilipotaka kujaribu nilirudi wimbo wa kwanza, kwa sababu ni wa kwanza, kwa sababu kulinganisha kunataka haki. Mara zote hizo mwenye CD alikuwa ameketi hatua kumi kutoka kwangu, akishona, na sikutoka hata mara moja kumwuliza, mama, wako ni yupi? Nililia mbele yake, na kulia kwenyewe kukanitia hasira, maana mwenye kustahili kulia hakuwa mimi.

Aliniacha nilie. Kisha akasema, "Piga tena."

Nikapiga tena. Safari hii yule kijana aliyeanzisha hakumshughulisha. Alifumba macho na kuinamisha kichwa, na wenzake walipoitikia kwa chini akainua kidole kimoja, akakishusha walipokoma. Akataka tena. Na tena. Mimi nilisikia vijana ishirini wenye sauti moja, kama ukuta, na nilijitahidi mpaka masikio yakaniuma kumtoa mmoja wao pale ukutani, nisiweze.

"Unamsikia?" nikamwuliza mwishowe.

"Iko mule," akasema. "Kama wanaitikia wote, na yeye iko mule. Ataenda wapi?"

Kisha akatoa kwenye mfuko wa gauni kaseti mpya, ya kununua, bado na nailoni yake. Akaniambia nimtilie humo, na nitafute nyingine, nitie wimbo huo huo.

"Ya pili ya nini, mama?"

"Ya yule mama wa Nyundo. Yeye hajui kama mutoto wake alibakia mu kitu." Akasimama, akanyoosha gauni. "Na yeye hana hata picha."

Nilimtilia zote mbili jioni ile, kutoka kwenye nakala ya polepole, na nilizisikiliza mpaka mwisho nikiwa nimeshika pumzi. Sikubandika karatasi juu ya yoyote. Jumapili alipanda Nyundo peke yake, nikataka kufuatana naye, akasema hapana, nitalia na nitawatia aibu. Alivyopokewa hakunisimulia, nami safari hiyo nilijua kwamba si la kuuliza. Kwa bwana wa hoteli nilikwenda mwenyewe kuomba radhi, akanipa chai.

Jumatatu mama alifungua cherehani kama kawaida, akaiweka redio kaseti yake juu ya kiti na kubonyeza. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta na barua ya mtu mbele yangu, ambayo sikuichapa. Alipoimba yule kijana mmoja, cherehani ilikwenda. Walipoitikia wote, ilisimama.